Chapati za Ukweni

Ugonjwa wangu haujui adabu za ukweni. Ungekuwa unazijua, ungenipa ruhusa ya siku moja tu, Agosti 2018, tulipotoka Mwanza kwenda Maseno, Kenya, kumsindikiza kaka yangu kwa wazazi wa mchumba wake.

Unaitwa siliaki. Ngano, shayiri na rai zina protini iitwayo gluteni, na hiyo ikiingia tumboni mwangu kinga ya mwili inageuka kuushambulia utumbo mwembamba. Vile vinyweleo vya ndani vinavyofyonza chakula vinalala kama majani yaliyopitiwa na ng'ombe. Si mzio. Sivimbi midomo, sitoki vipele, sianguki mbele za watu, na ndiyo maana watu hawaniamini. Kabla sijapimwa nilimeza vidonge vya kuongeza damu, dawa za minyoo, dawa za vidonda vya tumbo, na shangazi mmoja alikwisha kunitafutia mchungaji wa kuniombea. Tiba iliyopatikana mwisho ilikuwa moja: usile gluteni maisha yako yote, hata chembe.

Nyumbani hilo halinisumbui. Tunakula ugali, wali, sato, ndizi, mihogo. Shida ni kula nje, hasa nchi ya watu, ambako hujui mchuzi umetiwa nini. Kutoka Isebania kwenda juu, Migori, Rongo, Kisii, Oyugis, Sondu, Ahero, kila basi liliposimama madirisha yalijaa mikono: mayai, mahindi ya kuchoma, soseji, mandazi, ndizi. Ndizi haina mjadala, ina ganda lake. Soseji siigusi, maana nyingi hujazwa unga. Kaka alinunua mandazi akayala taratibu karibu na pua yangu, ndivyo tulivyolelewa.

Kisumu tulilala usiku mmoja. Jioni tulikwenda Dunga, ziwani, na nilipoomba samaki wa kuchemsha kijana wa pale alinitazama kwa huruma. Mgeni afike Dunga akatae samaki wa kukaanga? Samaki hakuwa na kosa. Nilikuwa nayatazama mafuta. Karai lililokaanga mandazi asubuhi haliwi safi kwa sababu jioni limetiwa ngege.

Kesho yake ndiyo ilikuwa shughuli. Wajaluo wana kitu kinaitwa ayie, malipo anayopewa mama wa binti ili aridhie. Ng'ombe wanafuata baadaye. Sisi tulikuwa watu wanane, mbele yetu baba mkubwa na mshenga. Nilikuwa nimemwomba kaka amweleze mchumba wake mapema. Alimweleza. Wifi naye alimweleza mama yake, mama akawaeleza akina shangazi, na habari ikawafika wapishi ikiwa imeshakuwa hivi: kuna dada wa bwana harusi hapendi chapati.

Kenya chapati si chakula cha kutopenda. Ni chakula cha Krismasi, cha mgeni, cha mtoto aliyefaulu mtihani. Nilipofika uani nilikuta akina mama watatu wamekaa kwenye mikeka, mmoja anakanda, mmoja anasukuma, mmoja yuko kwenye kikaango, na beseni limeshajaa limefunikwa kitambaa cha maua. Unga ulikuwa hewani. Ulikuwa juu ya meza, kwenye mwiko, kwenye vifuniko vya sufuria za wali na kuku. Wali wa Ahero, jamani, unanukia mpaka barabarani, na kijiko cha kuupakulia kimelazwa juu ya ubao wa chapati.

Mgeni kuingia jikoni kwa wakwe siku kama ile ni utovu wa heshima, najua. Niliingia. Nilisalimia, nikainama kidogo, nikauliza kuku ametiwa nini.

"Nyanya, vitunguu, na mchuzi wa pakiti," akasema shangazi mmoja.

Niliomba pakiti. Ilikuwa jalalani, na nilipoifukua nikasoma orodha ya viungo, unga wa ngano ulikuwa wa tatu. Shangazi aliniangalia nikisoma takataka zake akanyamaza. Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Kwani wewe ni Msabato?"

Pale nilijaribiwa. Sehemu zile Wasabato ni wengi, na kila mtu anajua hawali samaki kama kamongo na mumi, wanaohesabiwa kuwa hawana magamba. Hakuna anayewaudhi wala kuwabembeleza. Ningesema ndiyo, mambo yangeisha. Lakini kwenye meza ya wakubwa baba mkubwa alikuwa ameshaomba soda kwa kujitambulisha kama Mkatoliki wa tangu ubatizo, na uongo wa familia lazima ufanane.

"Hapana, mama. Ni ugonjwa."

Wifi alikuja mbio na bibi yake nyuma, mwanamke mdogo wa umbo, fimbo mkononi, akizungumza Kijaluo tu. Wifi akawa anatafsiri.

"Nyanya anauliza, ukikula unafura?"

"Sifuri. Utumbo unaharibika ndani kwa ndani. Naharisha, damu inapungua."

"Anauliza ugali unakula?"

"Ugali nakula sana."

Bibi akatoa amri nipikiwe ugali wa mtama, mtama wa shamba lake mwenyewe. Hapo akina shangazi wakaja juu. Wifi hakutafsiri yote, ila nilielewa: wageni wametoka nchi nyingine, wamekuja na ayie, halafu wapewe ugali mweusi, watu watasemaje? Bibi hakujibu. Mimi ndiye niliyeharibu, kwa kuuliza unga ulisagwa wapi. Ulisagwa kwenye posho mill ya sokoni Luanda. Nikauliza na wengine wanasaga nini pale. Wifi akasita. Kila kitu, akasema: mahindi, mihogo, na mchanganyiko wa uji wa watoto, wenye soya, njugu na ngano.

Mtama hauna gluteni, wimbi halina, mahindi hayana. Lakini jiwe moja likisaga vyote, unga wa mtama unatoka na vumbi la ngano, na vumbi linanitosha. Niliona aibu kulisema hilo mbele ya mwanamke aliyeulima ule mtama kwa mkono wake. Bibi alisikiliza tafsiri hadi mwisho. Akafyonya, nafikiri kwa ajili ya mwenye mashine, akazunguka nyuma ya jiko akiniashiria kwa fimbo nimfuate.

Huko kulikuwa na sufuria kubwa nyeusi juu ya mafiga, mbali na unga wote. Kilikuwa chakula cha wapishi na watoto: nyoyo, mahindi na maharage yaliyochemshwa kwa maji na chumvi basi, na kando yake viazi vitamu vimefunikwa majani ya mgomba. Nililia machozi kidogo, si kwa hisia, ni njaa na moshi. Wifi alisugua kisufuria kwa majivu na maji ya moto, akanichemshia vipande viwili vya samaki na nyanya na ndimu. Nikakabidhiwa sahani yangu, na kijiko changu nikakiweka mfukoni.

Tatizo lilibaki mezani. Mbele ya wakwe, kati ya kuku na pilau na milima ya chapati, mgeni wa heshima amewekewa nyoyo. Baba mkubwa aliitazama sahani ile kama tumetukanwa. Baba wa binti, mwalimu mstaafu, alimtazama mkewe. Ikabidi nisimulie.

Mwalimu alitaka kujua nani aligundua. Nikamweleza habari za daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Alikuwa ameanza kuishuku ngano kabla ya vita. Kisha ikaja njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, watu wakala hadi vitunguu vya maua ya tulipu, na watoto wake wagonjwa, mkate ulipokosekana, hali zao zikawa nafuu. Mkate uliporudi wakaugua tena. Mwaka 1950 aliandika tasnifu yake juu ya jambo hilo.

"Watoto wengine wanaumia kwa njaa, hawa wanapona," mwalimu alisema, akaweka uma chini. Alipenda. Akaanza na yeye: reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa maelezo yake chapati ilishuka kutoka mabehewa hayo hayo pamoja na Wahindi waliojenga reli, babu yake alikua kwa mtama na wimbi na hakuijua ngano. Somo liliendelea hadi pilau ikapoa. Halafu akanyoosha sahani yake akaomba nyoyo.

"Baba Achieng'," mkewe akasema, "chapati je?"

"Si nina ugonjwa wa sukari," akajibu. "Si wewe na daktari mmenikataza?"

Aliyekuwa amemkataza alikuwa ameshamwekea tatu. Akina shangazi wakacheka kwa mara ya kwanza tangu tufike, na mshenga wetu, mtu wa fursa, akadai kwamba kwa kuwa upande wetu umeokoa chapati nyingi hivyo, ng'ombe mmoja upunguzwe. Hawakupunguza. Kaka alikula zangu zote.

Wifi sasa anaishi Mwanza na ndiye mwenye kelele kuliko mimi. Tukienda harusini simwulizi mpishi chochote. Yeye anatangulia jikoni, anafunua sufuria, anataka kuona pakiti, na anauliza kwa sauti ya Maseno, ukumbi mzima usikie, hayo mafuta yamekaanga nini tangu asubuhi.