Kabichi Zisizofunga na Hesabu Zisizofunga

Leo baada ya swala ya Alfajiri sikurudi kulala. Nilitoka uani na tochi ya simu kwenda kuangalia tuta la bamia nililopanda siku sita zilizopita, kwa kuwa jana jioni niliuona udongo umeanza kupasuka nyufa ndogo ndogo, na aliyewahi kupanda kitu anajua kwamba nyufa hizo zikishaonekana usingizi huwa hauji tena. Nilichutama hadi magoti yakalalamika. Bamia haichomozi ikiwa imesimama. Hutanguliza shingo, imejikunja kama mtu aliye katika rukuu, kichwa kikiwa bado kimo ardhini. Kisha, kadiri mwanga unavyozidi, huinuka taratibu mpaka ikasimama wima, na baadhi huinuka zikiwa zimevaa ganda la mbegu kichwani kama kofia iliyokaa upande. Nilikuwa nimefukia mbegu 30, baada ya kuziloweka usiku kucha. Nilihesabu miche 19: 14 ilikuwa imerukuu na 5 imekwisha kuitidali, yaani kuinuka wima kutoka kwenye rukuu. Nilikaa pale mpaka kulipopambazuka kabisa, nikiwa na hisia kwamba nimechelewa kufika kwenye swala ya jamaa ambayo imamu wake simwoni.

Nahesabu kwa sababu ndiyo kazi pekee ninayoijua. Kwa miaka 31 nilikuwa mtunza hesabu katika ofisi moja hapa Tanga, na nilipostaafu nilirudi nyumbani Mikanjuni na tabia zangu zote, hata mke wangu akachoka kuniona nikihesabu vipande vya mkaa kabla hajawasha jiko. Ni yeye aliyenionyesha ua, ambao una urefu wa hatua 12 na upana wa hatua 8, akaniambia kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua: "Baba Zuhura, kahesabu kule." Nikanunua jembe, na kabla ya jembe halijagusa ardhi nikanunua daftari la kurasa 96, nikalipiga mistari, safu moja ya vinavyotoka na safu moja ya vinavyoingia.

Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo ni wa kuhuzunisha. Pakiti ya mbegu za mchicha, shilingi 2,500. Viroba viwili vya samadi, shilingi 6,000. Keni ya kumwagilia maji, shilingi 12,000. Fito na chandarua chakavu cha kuzuia kuku, shilingi 4,500. Jumla ni shilingi 25,000, bila ya kuingiza maji wala jembe, ambalo nililiacha nje ya hesabu kwa makusudi kwa sababu niliona aibu. Mavuno yalikuwa mafungu 9. Ukigawanya, kila fungu lilinigharimu karibu shilingi 2,800, na fungu la ukubwa huo huo lilikuwa likiuzwa sokoni Mgandini kwa shilingi 500, tena likiwa limeoshwa. Nilimsomea mke wangu hesabu hiyo wakati wa chakula cha mchana. Alitafuna kwa heshima, akasema hajawahi kula mchicha wa bei hiyo, na akaomba aongezewe.

Wala hayo mafungu 9 hayakupatikana kwa mpanzo wa kwanza. Mbegu za mchicha ni ndogo kuliko ulezi, nyeusi, zinang'aa, na wajuzi huzichanganya na mchanga mkavu ili zisirundikane mahali pamoja zinapomwagwa. Nilifanya hivyo kwa ustadi mkubwa. Sikujua kwamba sisimizi walikuwa wakinitazama. Kwa siku mbili walizibeba moja moja, kwa mstari mmoja ulionyooka, kutoka kwenye tuta langu hadi chini ya uzio wa makuti, na mimi nilidhani wanapita tu na safari zao. Tuta langu halikutoa kitu. Upande wa pili wa uzio, kwa mama jirani, ulichipuka mstari wa mchicha ulionyooka kuliko wowote nilioupanda mimi kabla au baada ya hapo. Katika daftari niliandika neno "hasara" na kulipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Wiki nne baadaye lililetwa bakuli la mchicha wa nazi, limefunikwa kwa kawa, pamoja na salamu kwamba nisisahau kuwashukuru sisimizi. Nililila bakuli lile peke yangu. Halafu nikashika kalamu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi sikujua ingizo liende safu gani.

Kabichi nilizipanda kwa kiburi. Kila aliyewahi kufika Mgandini ameona kabichi za Lushoto zilivyopangwa, nzito na zimekaza kama ngumi, na nilijiuliza kwa nini tuletewe kutoka mlimani ilhali ardhi tunayo. Jibu linajulikana na watoto wa shule: Lushoto iko Usambara, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku watu hulala na blanketi, na mimi niko pwani ambako hata shuka ni mzigo. Kabichi hutaka ubaridi ili ifunge. Zangu zilitoa majani mapana, ya kijani kibichi, mazuri kwa kutazama, zikaendelea kutoa majani, zikafungua mikono kuelekea juani kama mtu anayeomba mvua. Nilikuwa nimepiga hesabu ziwe tayari mwezi wa Ramadhani. Siku ya kumi ya mfungo mke wangu alisimama mlangoni, akazitazama, akasema: "Nyumba hii imefunga yote, Baba Zuhura, isipokuwa kabichi zako." Nilicheka mpaka nikahofia nafsi yangu, kwa kuwa kiu ilikuwa kali na alasiri bado ilikuwa ndefu.

Nitapita haraka kwenye habari ya mbolea ya kuku niliyoimwaga ikiwa mbichi, nikaunguza bilinganya zote kwa siku tatu. Iko katika daftari. Inatosha.

Mpapai, hata hivyo, unastahili maelezo. Nilipanda mbegu tatu katika shimo moja, kama inavyoshauriwa, kwa sababu mpapai hauonyeshi kama ni dume au jike mpaka utoe maua, na ukishatoa ndipo unapochagua wa kubaki. Mimi sikungoja. Ilipofikia urefu wa goti niling'oa miwili iliyodhoofu, nikauacha ule mmoja ulionenepa, nikaulea kama mtoto wa pekee. Mwezi wa sita ulitoa maua mengi, meupe, yenye harufu nzuri, yakining'inia kwenye vijiti virefu kama shanga. Kila aliyepita alitingisha kichwa: maua ya jike hukaa karibu na shina, wala hayaningʼinii. Ulikuwa dume. Wazee wawili wa mtaani walinishauri niupigilie msumari shinani ili ubadilike, nami, msomi wa hesabu mwenye cheti, niliupigilia. Msumari bado upo, na mpapai bado ni dume.

Mpapai uliozaa haukupandwa na mtu. Ulijiotea pembeni mwa karo, pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, bila shimo, bila samadi, bila mtu wa kuuandika. Niliugundua ukiwa umenifikia kiunoni. Huu ndio mti ulionipeleka kwenye Surat Al-Waaqia, aya ya 63 na ya 64, ambapo Mwenyezi Mungu anawauliza watu kuhusu makulima wanayoyapanda: je, ni wao wanaoyaotesha, au ni Yeye? Nimekaguliwa mara nyingi kazini, na wakaguzi wengine walikuwa wakali hasa, lakini wote waliuliza fedha imekwenda wapi. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali la namna hii, ambalo ukilijibu kwa ukweli safu nzima ya vinavyoingia inabadilika jina la mwenyewe. Nilichukua mbegu, nikazifukia, nikamwaga maji. Kati ya hapo na jani la kwanza kuna kazi ambayo sikuifanya, siielewi, na sikuilipia.

Mapapai yalipoanza kuiva, ndege walifika kabla yangu. Shore ndiye hodari zaidi. Hutoboa tundu dogo upande unaotazama jua, ambao ndio mtamu, na humwachia kunguru amalizie. Asubuhi ya kwanza niliokota kokoto. Nilikuwa nimeinua mkono nilipoikumbuka hadithi ambayo Bukhari na Muslim wameipokea, na ambayo marehemu mama yangu aliirudia kila alipomwagilia mrehani wake: kwamba Mwislamu hapandi mti wala halimi mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, ila huwa kwake ni sadaka. Niliitupa kokoto chini. Siku hiyo nilipiga mstari wa tatu katika daftari. Safu hiyo sikuipa kichwa cha habari, wala haina fedha. Ingizo lake la kwanza lilikuwa mchicha uliobebwa na sisimizi, niliourudisha kutoka kwenye hasara kwa kalamu ya kawaida, na la pili lilikuwa papai moja, shore.

Sitaki kujionyesha mtu mwema. Safu ya tatu inaniudhi mara nyingi, na zipo asubuhi ninazoandika ndani yake meno yakiwa yameumana. Lakini nimeona kwamba hasira ya bustani haifanani na hasira ya ofisini. Ile ya ofisini nililala nayo. Hii huisha kabla maji ya keni hayajaisha, kwa sababu mikono ina kazi, na kwa sababu mwarobaini, mchaichai na ule mrehani niliouchukua kwenye chungu cha mama havioni kwamba kuna mtu amekasirika.

Kosa langu kubwa ni kwamba nilimsimulia mama jirani habari za safu hiyo. Yeye amekwisha kupita miaka themanini, alinipa mche wa mnazi mwaka jana, na nilipomwambia kwamba mnazi huu mrefu wa kwetu hungoja miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, nami tayari nina miaka 62, alinijibu kwamba hakunipa kwa ajili yangu, amenipa ili kuku wake wapate kivuli. Tangu asikie hadithi ya ndege na mnyama, ameacha kabisa kuwafungia kuku hao.

Saa mbili asubuhi, nikiwa ndani nakunywa chai, mtetea wake aliingia chini ya uzio na vifaranga saba. Nilipofika, tuta la bamia lilikuwa limechakurwa nusu nzima, na yule mtetea amesimama katikati yake akiwaita wanawe waje kula. Miche iliyosalia ni 11.

"Shikamoo, mama," nilisema juu ya uzio.

"Marahaba, mwanangu. Kuku wangu wamekula?"

"Wamekula, mama."

"Miche mingapi?"

"Minane."

"Alhamdulillahi," alisema, nami niliusikia ufagio wake ukiendelea na kazi. "Basi andika, mwanangu. Andika."

Nimeandika: bamia 8, kuku. Sasa nakwenda kutafuta chandarua kingine.