Babu na Ubao Usio na Twiga

Rangi nilijifunzia kwenye bodi za magari. Gereji yetu ilikuwa Ngamiani, Tanga, nami nilikuwa kijana wa fundi rangi. Kazi yangu ilikuwa kujaza puti kwenye mabonde, kuipiga msasa, kuchanganya thina, na kufunika vioo kwa magazeti kabla fundi hajawasha kompresa. Sanaa sikuisomea popote. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilikuwepo tangu mwaka 1981, na Bagamoyo yenyewe si mbali na Tanga, ila kwa mfuko wa nyumbani kwetu ilikuwa ng'ambo ya dunia.

Wasiowahi kusugua gari kuukuu kwa msasa wa maji hawajui kilichomo ndani yake. Iliwahi kuletwa gerejini Peugeot 504, nyeupe, iliyokuwa teksi kwa miaka mingi na kupitia mikono ya watu wengi. Nilipoanza kusugua boneti kwa msasa namba 400, chini ya weupe ikatoka samawati. Chini ya samawati ikatoka damu ya mzee, na chini yake kijivu cha praima. Pale bati lilipokuwa na kinundu, msasa ulikuwa umekula zaidi, kwa hiyo rangi zote zilijitokeza kwa pamoja, duara ndani ya duara, na ile ya kale kuliko zote ikakaa katikati. Maji yalikuwa yakichuruzika juu yake nami nimesimama tu, kitambaa mkononi, mpaka fundi akaniita mara mbili. Jioni ile gari likapigwa praima na duara zile zikafukiwa, lakini mimi nilikuwa nimeshaziona.

Nikaanza kukusanya mabaki: vikopo vilivyobakia rangi kidogo chini, vipande vya hadibodi kwa fundi seremala jirani. Nyumbani nilikuwa naupaka ubao rangi moja, nasubiri ikauke, napaka nyingine juu yake, nasubiri tena. Rangi ya mafuta ina masharti yake. Ukiiwahi kabla ya ile ya chini kushika sawasawa, inakunjamana kama ngozi ya maziwa. Kwa hiyo ubao mmoja ulikuwa unakaa wiki nyingi chini ya kitanda. Zikitimia tabaka za kutosha, naulaza mezani, nautia maji, nasugua. Sikuwa nachora kitu. Nilikuwa natafuta kile nilichokifukia mwenyewe.

Mashairi nayo yalinijia kupitia kazi hiyohiyo. Magazeti tuliyofunikia vioo yalikuwa matoleo ya zamani ya Uhuru na Mzalendo, na mengi yalitoka kwa Babu, mjomba wake mama, ambaye alikuwa akiyahifadhi kwa ajili ya ukurasa wa mashairi. Akishanakili anachokitaka, rundo linakuja gerejini. Mara ngapi nimesoma malumbano ya washairi juu ya kioo cha mbele cha gari! Mmoja anauliza, mwingine anajibu kwa vina vilevile, wa tatu anaingilia kati kutoka mji mwingine, kila mmoja na lakabu yake. Babu alikuwa mmoja wao. Alitunga kwa arudhi kamili, mizani kumi na sita kila mshororo, minane ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na minane utao, nusu ya pili, na alikuwa anahesabu kwa vidole juu ya paja hata anapozungumza mambo ya bei ya sukari. Kwetu Tanga hilo si ajabu. Huu ni mji wa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, na wazee wengi wa umri wa Babu walikua wakilisikia jina hilo likitajwa kwa heshima ile anayotajiwa mwanazuoni.

Mimi nilikuwa naandika mashairi huru. Nilikuwa nimesoma shuleni habari za mgogoro ule wa miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi na wenzake walipoviweka kando vina na mizani na wanamapokeo wakawajia juu. Moyo wangu ulikuwa upande wa Kezilahabi. Babu alikuwa upande wa pili, wala hakuwa na mzaha nao. Daftari langu alilisoma mara moja, akanirudishia na kusema, "Haya ni mazungumzo mazuri, mjukuu wangu. Ukishamaliza kuzungumza, tunga."

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa mwaka 2006, siku ya pili baada ya kurudi kutoka Dar. Nilikuwa nimepeleka mbao zangu kwenye duka moja la picha huko, nimezifunga kwa shuka na kuzipakata kwenye basi, Segera, Chalinze, mpaka mjini. Mwenye duka alizitazama kwa adabu, moja baada ya nyingine. Akasema mkono wangu ni mzuri na rangi zinang'aa, lakini mnyama yuko wapi? Nikiongeza twiga hapa pembeni, na mbuyu pale, atachukua zote.

Sikumchukia. Ana kodi ya pango, na mgeni anayeingia dukani anataka kwenda kwao na Tanzania aliyoiona kupitia dirisha la gari la mbugani. Kilichoniuma ni kwamba twiga hao wenyewe walizaliwa kwa mtu kama mimi. Edward Saidi Tingatinga hakusomea uchoraji. Kabla ya kuhamia Dar alipata kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya hapahapa Tanga. Alipoanza kuchora, mwaka 1968, alitumia hadibodi na rangi ya baiskeli, vitu vya mtu asiye na kitu, akachora alivyoona yeye. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Mtu wa namna hiyo ukimwiga twiga wake umechukua kidogo mno. Cha kuchukua kwake ni kule kuthubutu.

Basi nikarudi na mbao zangu zote. Alasiri ya siku ya pili nikapita kwa Babu kumpa salamu za ndugu wa Dar, na furushi lilikuwa bado mkononi kwa kuwa nilikuwa nalipeleka gerejini, mbao zikatumike kuchanganyia puti. Babu alikuwa barazani, kikombe cha kahawa mkononi na kashata kwenye kisahani.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umebeba nini, mlango?"

Nikamfungulia. Nilitegemea aseme neno moja la upole kisha aniulize habari za Dar. Badala yake aliweka kikombe chini, akaniamuru niuegemeze ubao wa kwanza kwenye nguzo, nisogee, nisiuzibie mwanga. Ulikuwa na michirizi mipana inayolala, kijani ya bahari, nyeupe, njano iliyofifia, na katikati ya kila fungu nyekundu ile ya damu ya mzee ikichungulia pale msasa ulipozama. Akakaa kimya. Kisha nikaona vidole vyake vinatembea juu ya paja.

Alikuwa anahesabu!

"Hii nyekundu inarudi," akasema. "Moja, mbili, tatu, inarudi. Moja, mbili, tatu, inarudi. Ulikusudia?"

Nikamwambia nilikuwa napaka nyekundu kila baada ya tabaka tatu, kwa sababu bila hiyo macho yanapotea.

"Basi hii ni bahari," akasema, na hakuwa anazungumzia maji. Alimaanisha kile kina kinachofunga mshororo wa mwisho wa kila ubeti wa utenzi, kinachopita ubeti hadi ubeti mpaka mwisho. "Kila ubeti una vina vyake, na wote una bahari moja. Nani kakufundisha?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejiona muasi wa vina, kumbe vilikuwa vimeingia mkononi zamani, labda kupitia yale magazeti ya vioo.

Akataka ubao wa pili, akaupitisha. Wa tatu, ule ninaoupenda kuliko wote, aliukunjia uso. Chini yake nilikuwa nimesugua mpaka nikafika kwenye hadibodi yenyewe, ukabaki uwazi wa kahawia usio na rangi. "Hapa umevunja kituo," akasema, akimaanisha mshororo wa mwisho unaofunga ubeti. Nikamjibu kwamba hapo ndipo ubao unapopumua. Tukabishana, yeye kwa sauti ya mtu aliyekwisha kubishana na nchi nzima kwenye gazeti, mimi kwa heshima lakini bila kurudi nyuma. Gerejini sikwenda. Mbao zikalala kwake.

Asubuhi alimtuma mtoto aniletee karatasi iliyokunjwa mara nne. Kwa mwandiko wake wa kulalia kulia palikuwa na ubeti huu:

Nimeketi barazani, ubao nautazama,
Hayumo simba mwituni, wala twiga kasimama,
Rangi zapita foleni, nyekundu yarudi nyuma,
Mjukuu wasemani, na mimi nipate soma?

Mtu akikuuliza kwa shairi, humjibu kwa nathari, wala humjibu kwa vina vingine. Siku ile nilifanya kazi vibaya kwelikweli, napiga msasa huku nahesabu kwa vidole, na fundi ananiuliza kama nina homa. Usiku nikaandika, nikafuta, nikaandika. Kilichopatikana ni hiki:

Babu swali la thamani, jibu lake si la hima,
Nikisugua rangini, hufufuka zilozama,
Zilokuwa chini chini, ndizo juu husimama,
Hayo ndiyo ya moyoni, soma babu yangu soma.

Nilimpelekea mwenyewe. Akasoma kwa sauti, polepole, akitua kwenye kila kina. Akasema "chini chini" ni kujaza mizani, mshairi aliyekomaa asingeipitisha. Kisha akanyoosha mkono niubusu, jambo ambalo kwa mashairi yangu hakupata kulifanya.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Etel Adnan, mshairi na mchoraji aliyezaliwa Beirut mwaka 1925. Naye hakusomea uchoraji. Aliuanza akiwa mwalimu wa falsafa huko California, akawa anailaza turubai mezani na kupaka rangi kwa kisu, mabamba mazito ya rangi yasiyochanganywa. Aliishi na kalamu na rangi hadi alipofariki Paris mwaka 2021, na dunia ya majumba ya sanaa ilimtambua akiwa bibi wa zaidi ya miaka themanini. Niliposoma kwamba alikuwa analaza turubai mezani nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu nami naulaza ubao wangu mezani, rangi isichuruzike. Lakini ningekuwa sijui lolote juu yake, bado ningekuwa mchoraji, maana nilishasomwa na mtu mmoja aliyejua kusoma.

Mashairi yangu huru Babu hakuyakubali kamwe. Hilo halikubadilika, na sasa naona lina haki yake. Alichofanya ni kuomba ule ubao wa tatu, uleule aliosema umevunjwa kituo. Akautundika barazani, juu ya kiti chake, na kila aliyekuja kwa kahawa alitakiwa kwanza atafute bahari iko wapi. Wengi walionyesha nyekundu. Jirani mmoja, mama muuza samaki, alikataa katakata. Aliweka beseni chini, akahesabu kwa sauti, akasema nyekundu ni ya kupita tu, kinachorudi kwenye ubao huu ni ule uwazi wa kahawia, upo chini na upo pia pembeni kwenye ukingo ambako hakuna aliyekuwa ametazama. Babu akainuka kwenye kiti kwenda kuhakikisha, na walikuwa bado wanabishana adhana ya magharibi ilipoanza.