Ukiripoti fujo polisi, usiondoke bila namba

Watu wengi wanaopiga simu polisi usiku kwa ajili ya fujo huwa wanaishia hapo hapo kwenye simu. Gari lije lisije, asubuhi hakuna anayeulizia kitu, afu wiki chache baadaye fujo ile ile inarudi na majirani wanaanza upya kulalamika kana kwamba haikuwahi kutokea. Linaniuma sana hili, kwa sababu polisi, mwenye nyumba, hakimu, wote wanaangalia kilichoandikwa, na kama hakuna kilichoandikwa basi nyie mmekesha bure.

Tuanze na simu yenyewe. Anayepokea hauoni mtaa wenu na hao watu hawajui, kwa hiyo ukimwambia "kuna wahuni wanatusumbua" hujampa kitu cha kuandika. Mwambie ulichokiona na ulichokisikia: wako wangapi, wapo sehemu gani hasa, sasa hivi wanafanya nini, kuna silaha au hakuna, mtu ameumia au hajaumia, wamevaaje, kama kuna gari mpe namba zake, na kama wameondoka wameelekea upande gani. Usichokiona usiseme umekiona, ukisema "nimesikia vitu vinavunjwa na mtu anapiga kelele za kuomba msaada ila sijatoka kuangalia" inatosha kabisa na ni ya kweli. Na kama unaona mtu anayefanya vurugu ni kama mgonjwa, anaongea peke yake, amechanganyikiwa, hajui alipo, tafadhali sana sema hilo mwanzoni kabisa, maana wanaokuja wakidhani wanakuja kwa mhalifu watamshughulikia kama mhalifu na hapo watu wameshapoteza maisha.

Namba ya dharura iachie hatari inayoendelea. Muziki mkubwa usiku wa manane piga namba ya kawaida ya kituo.

Kabla hujakata simu, omba namba ya taarifa yako. Ukienda kituoni mwenyewe ni hivyo hivyo, Kenya utapewa namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo, Tanzania RB, yaani ya kitabu cha taarifa, kwingine wana utaratibu wao, ila andika hiyo namba, tarehe, saa na jina la afande aliyekuhudumia. Na wewe nyumbani uwe na daftari lako, kila tukio mstari mmoja.

Sasa kuna jambo ambalo lazima niliseme. Kosa la kufanya fujo ni kosa pana mno, na kwa sababu ya upana huo limetumika miaka mingi kuwakamata watu kwa umaskini wao tu au kwa kusimama sehemu. Marekani mahakama ya juu kabisa ilifuta sheria ya uzururaji ya mji wa Jacksonville mwaka 1972 kwa sababu haikueleweka inakataza nini hasa, na mwaka 1987, kwenye kesi ya Houston, ikasema kumpinga polisi kwa maneno peke yake hakuwezi kufanywa kosa kiholela. Malawi mahakama kuu ilifuta kipengele cha uzururaji mwaka 2017, kesi ya mchuuzi aliyekuwa anatembea na biashara yake mkononi, afu Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile iliyoko Arusha, ikatoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Kwa hiyo ripoti kitendo, usiripoti mtu. Vijana wamekaa kona wanapiga stori, hiyo sio fujo jamani, hata kama sura zao huzipendi.

Tuje kwenye rekodi, yaani kuwaomba polisi nakala ya walichoandika. Kitu cha kwanza, jua unaomba nini, maana "naomba mafaili yote ya mtaa wetu" hakuna atakayelishughulikia. Kuna kumbukumbu ya simu zilizopigwa, kuna ripoti ya tukio aliyoandika afande, kuna maelezo ya mashahidi, kuna rekodi ya kukamatwa, kuna video. Andika barua au imeli fupi, taja tarehe, muda, mahali, namba ya taarifa na aina ya rekodi, ubaki na kopi yenye muhuri au uthibitisho kwamba wameipokea. Video ndo ya kuwahi kuliko zote kwa sababu mifumo mingi ya kamera inafuta picha baada ya muda, waandikie mapema waitunze hata kama maombi kamili utayaleta baadaye.

Sheria zinatofautiana, usifuate ya nchi nyingine uliyoisoma mtandaoni. Marekani sheria ya haki ya kupata taarifa ya 1966 ni ya ofisi za serikali kuu tu, polisi wa mji unawaomba kwa sheria ya jimbo lao. Uingereza wanatakiwa wajibu ndani ya siku 20 za kazi. Kenya sheria ya 2016 inatoa siku 21, ila taarifa ikigusa uhai au uhuru wa mtu ni saa 48.

Usitegemee kupata kila kitu. Majina ya watoto, ya waathirika, ya watoa taarifa, na mambo ya upelelezi unaoendelea yatafunikwa au watakataa, na mimi naona ni sawa kabisa, hata wewe uliyepiga simu unahitaji jina lako lifichwe. Lakini wakikataa, waombe watoe sababu kwa maandishi na wataje kifungu, sio kukujibu kwa mdomo tu pale kaunta, maana rufaa inaanzia kwenye hiyo karatasi. Kenya unaipeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Ukishaipata, isome ukiwa na daftari lako pembeni, saa kwa saa, na kama wameandika sivyo, mfano wameandika ugomvi wa familia wakati ni watu wa nje waliovamia, waandikie uombe maelezo yako yaongezwe kwenye faili. Afu mpelekee mwenye nyumba au serikali ya mtaa. Majina yaliyomo humo usiyarushe kwenye grupu la majirani, kuna watu waliotajwa tu ambao hawajashtakiwa kwa lolote.