Picha za jicho langu tangu 2019

Juzi nilitoka kliniki na miwani ya jua usoni, mboni bado zimetanuka kwa yale matone, mdogo wangu kanishika mkono tunavuka barabara. Mfukoni nilikuwa na flashi yenye picha za retina zangu, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, tangu 2019. Siiachi nyumbani.

Nina retinitisi pigimentosa, ugonjwa wa kurithi unaoua seli za retina polepole, ile ya kupitia upande wa mama. Mama mwenyewe anaona vizuri, ila kila mtoto wa kiume anayemzaa ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Mjomba alikuwa nayo. Magharibi ikiingia alikuwa akijikwaa kwenye ndoo na vigoda, watu wakamwita mlevi, na pombe hajawahi kuionja. Inaniuma mpaka leo.

Kwenye mashine ya OCT, ile inayopiga picha za retina kwa mwanga, unaweka kidevu, unakazia macho kialama cha mwanga, hupepesi. Haiumi. Picha inayotoka inaonyesha retina kwa ubavu, tabaka juu ya tabaka kama chapati za kusukuma. Daktari aliweka kidole kwenye skrini, kwenye mstari mmoja mweupe: hapa ndipo seli zinazopokea mwanga bado zi hai. Kwa mwenye macho mazima mstari huo hupita picha nzima. Wangu umekatika pande zote mbili. Mwaka 2019 ulikuwa na urefu wa mikroni 2,900 (mikroni elfu moja ni milimita moja), sasa ni 2,350. Zaidi ya nusu milimita imekwenda, na herufi za ubaoni nasoma mpaka mstari uleule wa siku zote! Bila picha nisingejua.

Kituo nilichoanzia kilibadilisha kompyuta, picha zangu za kwanza, za kabla ya 2019, zikapotea. Ndiyo maana nawasihi wenzangu: ombeni nakala za picha zenyewe, barua ya daktari haitoshi. Mkiweza, rudini kwenye mashine ileile, maana vipimo vya mashine tofauti havilingani sawasawa. Marekani iliidhinisha Luxturna, tiba ya jeni kwa ugonjwa wa retina, Desemba 2017, kwa wenye hitilafu ya jeni RPE65. Si jeni yetu, lakini hata kwa tiba ile madaktari hutazama kwanza kama seli hai zimebaki za kutosha.

Baada yangu alikaa mdogo wangu, miaka 14.

"Usipepese," nikamwambia.

Mstari wake ni mrefu, ila ukingoni umeanza kufifia. Nimemfungulia folda yake kwenye flashi, jina na tarehe.