Nilivyofaulu jiografia ya maumbile kwa ufito na timazi

Ushauri wa kwanza niliopewa nilipoanza chuo ulitoka kwa mwanafunzi aliyenitangulia mwaka mmoja: jiografia ya maumbile ni somo la kukariri tu. Nikakariri kila kitu, kuanzia mwinamo wa mhimili wa dunia wa nyuzi 23.5 hadi majina ya miamba, na katika jaribio la kwanza nikapata alama 31 kwa mia. Swali lililoniangusha liliuliza kwa nini mahali fulani jua la utosi halipatikani saa sita kamili. Nilijibu kwa kurasa mbili za ufafanuzi wa ikweta.

Mji wa Unguja uko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Hilo nilikuwa nimelikariri vizuri. Ilipofika tarehe 5 Machi nikachomeka ufito wa mita moja uwani kwetu Kikwajuni, nikasubiri saa sita kamili ili nikione kivuli kikipotea. Hakikupotea, kililala upande wa magharibi, urefu wa sentimita 15 hivi. Nikaulaumu ufito kwamba umepinda. Nikaazima timazi kwa fundi mwashi wa jirani (nilimlipa soda, na nadhani aliniona nimerukwa na akili), nikausimamisha upya mpaka ukanyooka kama uzi wenyewe. Siku ya pili, saa sita kamili, kivuli kikarudi na sentimita zake 15. Mama, aliyekuwa akitafuta pa kuanika nguo, akaniuliza kama nimeajiriwa kuulinda ufito.

Nilikuwa nimeshauinamia kuung'oa alipopita mzee mmoja anayeadhini katika msikiti wa mtaani. Akatazama chini, akasema: “Mjukuu wangu, jua halijapinduka. Una haraka ya nini?” Nikaona haya kumwacha peke yake, tukasimama wote wawili. Kivuli kikaanza kunywea, kikawa kama kidole, kikaingia chini ya ufito mnamo saa sita na dakika 35, kisha kikachungulia upande wa mashariki. Mzee akaenda kuadhini adhuhuri.

Hesabu niliifanya usiku ule. Saa tunazotumia Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nasi tuko kwenye 39 na ushei. Kila nyuzi moja ni dakika 4, kwa hiyo jua hutufikia likiwa limechelewa kwa dakika 23 hivi. Zikabaki dakika 12 zilizonisumbua wiki nzima, na jibu lake sikulipata maktaba, bali kwenye ratiba ya sala iliyobandikwa ukutani msikitini. Ukiifuata safu ya adhuhuri kwa makini utaona kwamba Februari huingia kwa kuchelewa, na mwanzoni mwa Novemba huwahi kwa karibu nusu saa zaidi. Saa ya ukutani hugawa siku sawasawa, lakini dunia haizunguki jua kwa duara kamili wala haisimami wima, ndiyo maana jua huwahi miezi mingine na kuchelewa mingine. Wazee wetu wamekuwa wakilifuatilia jambo hilo kwa kivuli kila siku, ilhali mimi nililipia ada kulitafuta.

Mwenzangu wa Wete alipotaka kujaribu, nilimwambia asubiri siku tatu hivi baada yetu, kwa kuwa Machi jua linapanda kaskazini na Pemba iko juu yetu. Oktoba mambo hugeuka, wao hutangulia. Anayesoma somo hili aanze na swali kama hilo, na ufafanuzi utamfuata wenyewe.

Mtihani wa mwisho nilipata 78. Oktoba nikauchomeka tena ufito, nikamwalika yule bingwa wa kukariri. Saa sita kamili akauona ushahidi wa sentimita 5 mchangani, akaangua kicheko kwamba nimekosea. Nikamkaribisha kigoda na kahawa, nikamwambia akae kwanza, jua halijapinduka.