Springi Yenye Kutu

Likizo ya Juni 1994 niliimalizia Ngamiani, Tanga, kwenye kibanda cha mjomba wangu, fundi redio. Nilikuwa kidato cha pili. Kanuni ya Ohm, kwamba volti ni mkondo mara ukinzani, niliijua kwa Kiingereza, neno kwa neno, na jaribio lake nilipata 18 kwa 20.

Siku ya tatu mama mmoja alileta redio ya betri nne. Ukiiwasha inakoroma kidogo, halafu kimya. Mjomba hakuigusa. Alinisogezea mita ya mshale. "Haya mpwa wangu, nitafutie ugonjwa."

Nikapima betri: volti 6. Nikasema betri ni nzima, kimekufa kitu ndani. "Washa redio, kisha pima kwenye waya." Volti 3. Nikaduwaa. Nusu nzima imekwenda wapi? Mjomba alikuwa ameinamia kazi yake, hakunijibu. Nilihangaika mpaka adhana ya adhuhuri, nikigusa hapa na pale, hadi nilipoweka ncha moja kwenye kitako cha betri ya mwisho na nyingine kwenye waya nyuma ya springi. Springi ilikuwa na kutu ya rangi ya hina. Mshale ukapanda, ukatulia kwenye 3. Kumbe zilikuwa pale zote! Nilisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, na taarabu ikajaa kibandani.

Shule ilipofunguliwa nilimuuliza mwalimu mbona hatupimi kitu kilichoharibika. Akasema hilo halimo kwenye silabasi. Simlaumu, alikuwa na dakika 40 na mada lukuki za kumaliza. Ila jambo moja linaniuma hadi leo: katika somo la siasa tulikaririshwa kwamba waraka wa Elimu ya Kujitegemea ulitolewa mwaka 1967, wakati humo humo Mwalimu Nyerere alitaka shule ilee akili ya kudadisi.

Desemba nilirudi Ngamiani na daftari. Mjomba alijua tangu zamani kwamba kutu inakula umeme, lakini kuukokotoa ulaji huo hakuna aliyewahi kumfundisha. Nikamwandikia: volti 3, gawa kwa ampea 0.1 tulizopima siku ile, ni omu 30, ndio ukinzani wa kutu ile. Akavua miwani, akaifuta.

"Rudia," alisema, "polepole."

Kisha akachukua penseli ya seremala, akaandika hesabu ile kwenye ubao wa meza yake, juu ya droo ya springi.