Abiria wa meli na siku moja ya Dar

Kaskazi inavuma na meli za kitalii zinaingia. Usiku huu nawaza jambo moja: mpangilio wa vituo, kwa wewe unayewaongoza abiria. Naamini hapo ndipo ziara ya Dar inapofanikiwa au kuharibika.

Meli ikifunga gatini saa moja asubuhi, usihesabu kwamba siku yako imeanza saa moja. Taratibu za uhamiaji na afya ya bandari zinamalizika kwanza, kisha abiria wanashuka kwa makundi. Kosta ya kwanza ikitoka getini saa mbili na nusu, mambo yameenda vizuri. Kama meli inaondoka saa kumi na mbili jioni, abiria wanatakiwa kuwa ndani yapata saa moja kabla, na wewe panga kufika getini saa kumi kamili. Toa chakula cha mchana, toa foleni, kinachobaki ni kama saa tano za kuuona mji.

Wengi huanza na Posta, katikati ya mji, kwa sababu iko karibu na bandari, kisha mchana wanapanda Mwenge. Mimi naona ianze safari ya mbali. Asubuhi magari yanamiminika kuingia mjini, na wewe unatoka. Alasiri yanamiminika kutoka, na wewe umeshaingia. Halafu kuna suala la gari bovu. Kosta ikizima Mwenge saa tatu asubuhi, muda wa kuita nyingine upo. Ikizima pale pale saa tisa alasiri, na barabara ya mwendokasi huruhusiwi kuipita, hapo meli iko hatarini kukuacha. Ikizima mjini karibu na bandari, abiria wanachukua teksi na bajaji, wanafika.

Basi kwanza Kijiji cha Makumbusho, njiani kwenda Mwenge, kilichoanzishwa 1966. Humo kuna nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa vipimo vyake halisi. Usizimalize zote. Chagua mbili zinazopingana: tembe ya Wagogo, yenye paa bapa la udongo juu ya miti, na msonge wa Wahaya, wa nyasi kuanzia kileleni mpaka chini. Eleza sababu: Dodoma mvua ni chache, paa la udongo linadumu, Bukoba mvua ni nyingi, lazima maji yateleze. Mgeni akielewa hizo mbili, nyingine anazisoma mwenyewe. Waambie mapema kwamba milango mingine ni ya kuinama, kwani abiria wengi ni wazee wenye magoti mabaya.

Mwenge, kwa wachongaji, nusu saa inatosha, ila usiwaache wageni wakanunua gizani. Mpingo ni mzito mno, hata majini unazama. Mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu unajulikana ukishika kinyago mkononi, au ukisugua chini yake kwa kitambaa: rangi inatoka. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo wabadilishe shilingi kabla ya kufika hapo. Na mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku tangu Juni 2019, ibaki melini.

Rudini kwa Daraja la Tanzanite, upepo wa bahari ni mzuri na picha zinapatikana dirishani. Mkikaribia Ikulu, kamera chini. Tangazo hilo litolewe kabla, si askari akishasimamisha gari.

Jua la saa sita na saa saba ni la kukaa ndani, kwa hiyo Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Hapo ni habari za Zinjanthropus, fuvu la zamadamu alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, na magari yaliyotumiwa na Mwalimu. Ipo pia kumbukumbu ya shambulio la ubalozi wa Marekani, 7 Agosti 1998, lililoua watu 11 hapa Dar. Wageni wa Kimarekani waachiwe muda wao pale, bila maelezo mengi. Vyoo watumie hapa hapa, maana mbele ni vya kubahatisha.

Alasiri ndipo mtembee. Anzeni Sanamu ya Askari, makutano ya Samora na Azikiwe. Inaniuma ikipitwa kwa dakika mbili. Iliwekwa 1927, mahali ilipokuwa imesimama sanamu ya shaba ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, mpaka Waingereza walipoiondoa. Askari ameelekeza singe bandarini. Wapeleke wageni chini, kwenye kibao: maneno yake yanawataja pia wapagazi, kwamba ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Wapagazi hao ndio kambi yao ilikuwa Kariakoo. Ukiunganisha mambo hayo mawili, mgeni anaelewa mji huu ulilipa nini katika Vita ya Kwanza ya Dunia, vita isiyokuwa yake.

Kisha makanisa mawili, Azania Front na Mtakatifu Yosefu lililokamilika 1902 (Jumapili ni ibada, angalieni kwa nje tu), na mmalizie Boma la Kale la miaka ya 1866 na 1867, la mawe ya matumbawe, mkabala na boti za Zanzibar. Ni miongoni mwa majengo machache yaliyosalia ya Sultani Majid, aliyefariki 1870 mji wake haujakamilika. Hapo maelezo yawe mafupi, watu wamechoka. Kila mmoja awe na chupa mbili za maji za nusu lita kwa matembezi hayo.

Hesabu watu kila mnapopanda gari, wewe mwenyewe, kichwa kwa kichwa. Ukiuliza tu kama wote wapo, utajibiwa ndiyo. Akikosekana mmoja Boma, msaidizi abaki hapo na simu yenye chaji, kosta iende na wengine, na meli ijulishwe mara moja kwa jina na namba ya chumba.